Kijani Upande wa Mlingoti

Jumamosi, 28 Februari 1998

Leo Badr kapanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Tangu Ramadhani hajapanda. Huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu Saeed, na ndiye mwenye nyumba hii ya Khuwair ya Kusini, hapa Oman, na mwenye karakana ya ushonaji kule Wattaya, nyuma ya maduka ya magari — mtu wa haraka, hakai kitini mpaka umwambie mara mbili.

Mkononi barua. Klabu moja ya wazungu Madinat Sultan Qaboos wanataka bendera za Ayalandi: moja kubwa ya mlingotini na sitini ndogo za vijiti, za kuweka mezani. Wana sherehe ya walii wao Patrick tarehe 17 Machi. Barua haina picha. Wao wanadhani kila mtu anaijua bendera yao.

Karakana inajua bendera moja tu, ya Oman, kila Novemba kwa sikukuu ya taifa. Kielelezo chake kimebandikwa ukutani mwaka wa kumi sasa.

"Ammi, wewe ndiye kamusi letu," kaniambia, mimi ami yake. "Waandikie vizuri, wasibahatishe. Wakiridhika hawa, nguo za wahudumu wa klabu nzima ni zetu."

Nikamwambia aiache barua. Nilijizuia nisionyeshe furaha. Mtu wa miaka sabini na moja kufurahi kwa kuulizwa swali la jiografia!

Jumatatu, 2 Machi

Badr alinipitisha Wattaya asubuhi. Nilichukua atlasi yangu ya Kiarabu, ile niliyoinunua Kairo mwaka wa '69. Ndicho kitabu pekee kilichohama nami mara mbili bila kupotea. Ensaiklopidia yangu ilibaki Unguja. Mengine yote yalibaki.

Mwisho wa atlasi kuna kurasa sita za bendera. Ayalandi ipo baina ya Iran na Aisilandi. Pande tatu zilizosimama: kijani, nyeupe, rangi ya chungwa. Maana yake naikumbuka tangu nikisomesha. Kijani ni ya wale wa asili, Wakatoliki, watu wa ardhi. Chungwa ni ya Waprotestanti, waliomfuata Mfalme William wa ukoo wa Orange wakashinda vita na wakakaa. Nyeupe katikati ni suluhu baina ya hawa na hawa. Bendera chache duniani zinamtia adui wako ndani ya kitambaa chako. Nimelifikiria hilo njia nzima.

Nikakaa kwenye meza ya kukatia, nikaandika kwa Kiswahili, kwa hati yangu ya ubaoni:

Bendera ya Ayalandi. Rangi tatu, upana sawasawa, zimesimama. Kuanzia kulia: kijani, nyeupe, chungwa.

Nikampa Wilkister. Huyu ndiye mkataji na msimamizi wao, Mkenya, kutoka upande wa ziwani. Mafundi wawili wa cherehani ni Wahindi. Yeye huongea nao kwa Kiarabu cha hapa kilichochanganyika na mikono, na wote wanafahamiana. Kwangu huja na Kiswahili chake cha huko kwao. Tunachekana.

Kaisoma, kaisoma tena.

"Mzee, lakini si kijani inaanza hii side ya kushoto? Kwa shule yetu Sister Dorothy alikuwa Mwairishi. Kila mwaka, siku hiyo ya Patrick, tulikuwa tunapandisha. Mimi mwenyewe nimewahi shika kamba. Kijani ilikuwa huku, kwa mti —"

Nikamkata. Nikafungua atlasi, nikaweka kidole. "Soma mwenyewe. Kulia kijani. Masista wanajua sala, mwanangu. Bendera tuachieni wenye vitabu."

Kacheka. Wahindi nao wakacheka, hawajui wanacheka nini.

"Haya, mzee. Kitabu imesema."

Nimefurahi siku nzima. Nakiri.

Alhamisi, 5 Machi

Goti la kushoto. Sikutoka.

Jana niliona wanavyofanya kazi. Nyeupe hukatwa mwisho. Wilkister hutandika shuka safi mezani, halafu wote watatu huenda kunawa mikono kwa sabuni, na anayeingia hapo asiguse kitu. Anasema kijani inaficha, chungwa inaficha, nyeupe haifichi hata kidole. Nilinawa na mimi, ingawa sikuwa na kazi ya kugusa.

Imenirudisha mbali. Disemba '63, darasa la sita, skuli ya mjini. Tumepata uhuru na bendera mpya: nyekundu ya zamani, na katikati duara la kijani lenye karafuu mbili. Nikawapa watoto kazi waichore, waipake rangi, na chini waandike maana. Za mwanzo nikazisahihisha kwa wino mwekundu, zilizobaki nikawaambia baada ya likizo. Bendera ile iliishi siku thelathini na tatu. Wengine hawakuwahi kumaliza kupaka.

Haikuwa na nyeupe. Nimeligundua jana tu, na mikono yangu imeroa.

Jumamosi, 14 Machi

Bendera zimepelekwa. Badr kasema zimetoka safi sana, mshono hauonekani. Kamletea Wilkister sanduku la tende. Kanipa salamu zake: "Mwambie mzee tumemaliza ya kitabu."

Joto limeanza mapema.

Jumatano, 18 Machi

Aibu.

Badr alialikwa sherehe ya jana. Alivaa dishdasha mpya na kilemba alichovaa harusini kwa mdogo wake. Watu zaidi ya mia, bustanini, saa kumi na moja jioni. Wakaipandisha bendera kubwa, wimbo ukapigwa — halafu watu wa mbele wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka. Halafu wengi. Mzee mmoja daktari akanyanyua bilauri yake akasema kwa sauti: Karibuni Abidjan!

Ilikuwa imegeuka. Chungwa mlingotini, kijani mwisho. Hiyo ni bendera ya Ivory Coast. Na zile sitini za mezani hivyo hivyo, kila kijiti kimeingizwa upande wa chungwa.

Badr anasema wageni wenyewe hawakukasirika. Walichomoa vijiti wakavichomeka upande wa pili, wakafanya mchezo. Lakini mama msimamizi wa klabu hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamwita Badr pembeni akamwambia ahsante, nguo za wahudumu watampa mtu mwingine.

"Miaka kumi nashona bendera ya nchi yangu," kasema Badr, "jana nimekuwa kichekesho cha wazungu."

Hakula. Mkewe Ghadeer akaondoa sinia kama lilivyo.

Halafu akaniuliza, kwa heshima, sauti ya chini: "Ammi, uliandika vipi?"

Nikajibu: "Niliandika kama kitabuni. Kijani kwanza."

Na ni kweli. Ndilo nililoandika.

Alhamisi, 19 Machi

Nimeifungua atlasi asubuhi, dirishani, kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Kitabu cha Kiarabu. Kinafunguliwa kutoka kulia, kinasomwa kutoka kulia. Na bendera zake zote — zote! — mlingoti umechorwa kulia. Kijistari chembamba cheusi. Naijua atlasi hii miaka ishirini na tisa. Macho yangu yanakwenda kulia kwanza kama ya mtu yeyote aliyeanza chuo cha Kurani kwa alifu.

Kwa hiyo kijani iko mlingotini, sawasawa. Lakini karakana upindo wa kupitishia kamba huushona kushoto. Siku zote. Kwa bendera ya Oman, kwa kila kitambaa. Nami sikuandika mlingoti uko wapi. Niliandika "kuanzia kulia" nikanyamaza. Wao wakaweka kijani kulia na upindo kushoto, kwenye chungwa. Wamefuata karatasi yangu herufi kwa herufi.

Ingefumuliwa upindo ukahamishiwa upande wa pili, kazi ya dakika kumi, isingekuwa na neno. Dakika kumi!

Na yeye aliniambia. "Kijani ilikuwa huku, kwa mti —" alikuwa anakwenda kulisema. Sikumwacha amalize.

Nimeifunga atlasi. Nitamwambia Badr akirudi.

Baadaye. Karudi na wageni wa Nizwa. Akanitambulisha kwao kama kawaida: ammi wangu, mwalimu wa zamani, hakuna asichokijua. Nikawauliza khabari za kwao.

Jumapili, 22 Machi

Badr kaitafuta ile karatasi karakana. Kamuuliza Wilkister, naye kasema imepotea, labda imetupwa na vipande vya vitambaa. Badr akaona hiyo ndiyo hatia yenyewe. Eti Wilkister kageuza karatasi kichwa chini, kakosea, kaitupa ili asijulikane.

"Hawa, ammi, kulia na kushoto hawajui," kasema akichovya mkate. Tulikuwa kwenye chai ya asubuhi.

Kamfuta kazi Wilkister. Viza itafutwa. Tiketi ya kurudi Nairobi ni Jumamosi tarehe 11 Aprili. Ikishafutwa hivi harudi tena Oman miaka miwili, ndiyo sheria.

Ghadeer akasema kwa Kiarabu, mskini, ana binti skuli. Badr akamwambia na mimi nna karakana.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka. Nikasema: "Mpe muda, Badr. Huenda si makusudi."

"Hakuna aliyesema makusudi, ammi. Lakini mtu alikosea."

Nikanywa chai.

Jumatano, 25 Machi

Maktaba ya Madinat Sultan Qaboos. Nilikwenda kwa teksi, peke yangu, na ile klabu iko njia hiyo hiyo — niligeuza uso tulipopita.

Ensaiklopidia ya Kiingereza, juzuu nene. Nimesoma saa mbili. Mwaka 1848 vijana wa Ayalandi walikwenda Paris kuwapa mkono wanamapinduzi wa Kifaransa, na mmoja wao akarudi na bendera ya hariri, inasemekana wanawake wa huko ndio walioishona. Akaionyesha kwao akaeleza kwamba nyeupe ni amani ya kudumu baina ya chungwa na kijani. Hapo watu hawakuijali sana. Ikalala miaka karibu sabini. Mwaka 1916 wakaipandisha juu ya posta kuu ya Dublin, wakapigwa mizinga, na tangu hapo ikawa yao. Mwaka 1937 ikaingia katika katiba. Upande wa kaskazini, wale wa chungwa wengi hawaitaki mpaka leo. Wametiwa ndani ya bendera na hawaitaki! Kuna jambo la kuchosha katika hilo, na naliona karibu sana.

Lakini kilichonisimamisha ni mstari mmoja. Bendera ile ya kwanza ya 1848, rangi iliyokuwa mlingotini ilikuwa chungwa.

Chungwa mlingotini! Kama ya kwetu!

Nimenakili ukurasa mzima kwa mkono. Narudi nyumbani na goti haliumi.

Ijumaa, 27 Machi

Baada ya sala, chakula. Wali wa nazi kaupika Ghadeer, amejifunza kwa ajili yangu. Nikaanza kwa mbali. Nikamweleza Badr habari za Paris, hariri, wale wanawake. Alikuwa akisikiliza kwa adabu, akinisogezea nyama. Nikafika kwenye mstari wangu: kwa hiyo, kwa mujibu wa tarikhi, bendera iliyopandishwa klabu haikuwa kosa hasa. Ilikuwa ya zamani. Ya asili, mtu anaweza kusema. Unaweza kumwandikia yule mama barua, mie nitaitunga.

Badr akanitazama.

"Ammi, waliagiza bendera ya 1848?"

"Hapana."

"Basi."

Halafu, akitabasamu kidogo: "Na Wilkister naye kasoma kitabu hicho?"

Ghadeer akacheka. Nikacheka na mie.

Elimu yangu yote, na hivyo ndivyo nilivyoitumia.

Jumanne, 31 Machi

Hakuna. Nimelala mchana wote.

Alhamisi, 2 Aprili

Wilkister kaja nyumbani. Hajawahi kuja. Ghadeer akamkaribisha ndani, akampa maji ya baridi, na mimi nikashuka. Ngazi kumi na nne, zimenichosha leo.

Alikuwa na gauni la kanisani na mkoba mdogo. Amekonda usoni. Ghadeer alipokwenda jikoni, kafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaisukuma juu ya meza kwa kidole.

Hati yangu.

"Chukua, mzee. Nilikuwa nimeiweka kwa Biblia. Nikienda nikaiacha kwa chumba, mtu ataiokota, itafika kwa arbab." Ndivyo anavyomwita Badr, arbab, kama wafanyakazi wote wa hapa wanavyowaita mabwana zao.

Nikamuuliza kwa nini alisema imepotea.

"Sasa ningesema nini? Niseme ni mzee?" Kashangaa kweli. "Wewe unaishi kwake. Mimi niko na kwetu."

Nikamuuliza habari za binti yake, Jackie. Yuko fomu tatu. Anapenda hesabu, hapendi historia.

"Hiyo ni akili," nikasema.

Kacheka, akafunika mdomo. Halafu akasema si kitu, ati yeye hata alikuwa amechoka na joto la hii nchi, na miguu inavimba kwa kusimama. Alikuwa ananifariji! Nikaona kabisa anachokifanya, nikamwacha afanye.

Mlangoni kageuka. "Lakini mzee, Sister Dorothy alikuwa right. Kubali tu."

"Nimekubali."

"Haya. Imetosha."

Haitoshi. Nimekiri kwake yeye, na asiyejua ni Badr.

Ijumaa, 3 Aprili

Karatasi iko mbele yangu. Nataka niandike hili hapa, kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia.

Mwisho wa mstari wa tatu, baada ya neno "chungwa", pana nafasi. Vidole vitatu. Kalamu niliyoandikia ni hii hii, wino ule ule wa buluu. Maneno matatu yanaenea hapo: mlingoti uko kulia. Yakiwapo, karatasi ni sahihi. Niliyeandika ni msafi na aliyeshona ndiye mkosa, na naweza kuitoa hata kesho: tazama, Badr, imepatikana.

Nilifungua kalamu. Nilikwenda mpaka hapo.

Sikuandika. Lakini nilipima nafasi kwa kidole, na nilijua inatosha. Ndiyo maana nasema: vidole vitatu.

Njia nyingine ni kuichoma. Januari ile, baada ya kila kitu kupinduka, Mwalimu Vuai, rafiki yangu wa chumba cha walimu, wa chama kile kingine, aliingia darasani kwangu akazikusanya zile picha za watoto, bendera ya karafuu, zina maandishi yangu mekundu pembeni. Akazichoma jikoni kwake. Angeonekana nazo ingekuwa balaa lake, si langu. Mimi wakati huo nilikuwa nimejificha kwa dada yangu. Nilisikia baadaye, nikiwa Mombasa. Sikumwandikia. Kwanza niliogopa kumtia matatani, halafu nikaona haya, halafu ikapita miaka thelathini na nne.

Watu wananichomea karatasi zangu. Mie nakaa kimya, nchi hadi nchi.

Jumatano, 8 Aprili

Idi. Nyumba imejaa, watoto, halua, moshi wa udi. Wamechinja. Kila mtoto kapanda kuniamkia na kupewa chake. Mmoja kaiona atlasi akaniuliza bendera nzuri kuliko zote ni ipi. Nikamwambia bado natafuta.

Badr amevaa vizuri, mchangamfu. Kanikumbatia mbele ya wageni. Sikuweza. Siku ya Idi! Mtu haharibu Idi.

Sababu nzuri. Nimekuwa na sababu nzuri kila siku tangu tarehe 18 Machi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilimpigia Badr simu karakana mchana, ikapokelewa na mmoja wa mafundi. Mudir, yaani Badr, ametoka. Nikasikia cherehani nyuma. Nikamuuliza habari za Wilkister. Akasema, kwa Kiarabu chake: Wilkister khalas, kwisha. Yuko chumbani, anafunga mizigo.

Jumamosi, 11 Aprili

Saa moja asubuhi. Redio. Belfast, Ayalandi ya kaskazini, wamekubaliana! Jana jioni yao. Muda waliowekewa ulikwisha tangu juzi usiku na wakaendelea kukaa. Watu wazima, msemaji anasema wametoka macho mekundu. Kijani na chungwa meza moja. Wananchi watapiga kura mwezi ujao, huko na huku, na msemaji anatahadharisha kwamba kila upande umelazimika kukiri jambo ulilosema hautalikiri kamwe.

Miaka mia na hamsini tangu ile hariri. Nyeupe ilikuwamo muda wote, imeshonwa baina yao, inangoja mtu anawe mikono.

Saa nne. Nimemwambia Ghadeer: Badr akija chakula cha mchana, apande kwanza kwangu. Kabla hajala. Kaniuliza, ammi, unaumwa? Nikamwambia ndiyo. Halafu nikamwambia hapana, mwambie ni habari ya bendera. Akanitazama sana. Nadhani huyu mtoto alijua tangu siku ya maji ya baridi.

Saa sita. Gari la kumpeleka Wilkister uwanja wa ndege linakuja saa kumi na moja. Pasipoti yake iko kwenye droo ya Badr karakana. Nimehesabu: kutoka hapa Wattaya dakika ishirini, na alaasiri ofisi zimefungwa. Sijui kama kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Sijui Badr atasema nini. Huenda ataninyamazia, na huko ndiko ninakokuogopa zaidi. Huenda akasema ni heri mtu mmoja aende kuliko watu wajue nyumba yetu ndiyo iliyokosea. Huenda nikasikia nami nakubaliana naye. Najijua.

Kwa hiyo sitaanza na tarikhi. Hakuna Paris, hakuna 1848. Nimeyafanyia mazoezi maneno, ni machache: Alinionya. Nikamkata. Karatasi hii hapa.

Nimeikunjua nikaiweka mezani, imeuelekea mlango, ili aingiapo aisome yeye kabla sijafungua mdomo. Nimeiweka atlasi pembeni, ukurasa wake, na kijistari cheusi kulia. Mikono nimenawa. Upuuzi, lakini nimenawa.

Saa saba kasorobo. Gari limezimwa chini. Viatu vinavuliwa. Ghadeer anasema naye kitu, sisikii. Sasa namsikia yeye: "Bendera gani tena? Acha sinia, nakuja sasa hivi."

Anapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili. Hana haraka leo.

Pale mwisho wa mstari wa tatu bado pana nafasi. Naifunika kalamu hii, mkono usije ukaandika hapo.